Mtoto hasinzii mpaka awe na nyonyo mdomoni

*Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mafinga, mtoto wangu wa kwanza ana miezi minane. Hasinzii mpaka awe na nyonyo mdomoni, na mchana dada wa kazi lazima ambebe mgongoni ndipo alale. Usiku, kitandani kwangu, anaamka mara tano au sita. Kila akiamka anataka nyonyo, ananyonya dakika mbili, amelala. Nikichomoa tu, anashtuka. Baba yake ni dereva wa malori, siku nyingi hayupo. Tumepanga vyumba viwili, ukuta mmoja na majirani. Nimesoma mtandaoni nimwache alie mpaka achoke, atajifunza. Mama mkwe anasema nikifanya hivyo atakuja kumchukua mjukuu wake. Je, nimwache alie? Au nimwachishe nyonyo ya usiku? Juzi nimesinzia darasani, watoto wakanicheka.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwetu Rungwe asubuhi tunasalimiana "Ugonile?", yaani umelala? Usichanani niliichukulia kama salamu nyingine yoyote. Nilipojifungua mtoto wa kwanza ndipo nikagundua kumbe ni swali, na mtu anaweza kulijibu "sijalala" machozi yakamtoka.

Nianze na majibu mafupi ili upumue. Usimwache alie peke yake mpaka achoke. Nyonyo ya usiku usimwachishe kwa sasa. Na mama mkwe hatakuja kumchukua mtu. Yaliyobaki ni marefu kidogo, yasome ukiwa umekaa.

Kuna mambo mawili yanachanganywa sana: kulala peke yake, na kusinzia mwenyewe. Mtandaoni utakuta habari za chumba cha mtoto, kitanda chenye nondo za mbao pembeni, kamera ya kumchungulia kutoka sebuleni. Weka kando yote hayo. Mtoto wa miezi minane kulala chumba kimoja na mama yake hakujamharibu mtu. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, ambako watu wana vyumba vya kutosha, kwenye mwongozo wao wa 2022 wanataka mtoto alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo. Unachotaka wewe ni kitu kidogo zaidi: zile dakika za mwisho, kuanzia macho yanapokuwa mazito mpaka usingizi unapomchukua, mtoto azivuke bila kubebwa. Anaweza kuzivuka wewe ukiwa umekaa pembeni yake, hata ukiwa umemshika mkono mwanzoni. Ukishalielewa hilo, vyumba viwili vya kupanga vinatosha kabisa.

Kwa nini anaamka mara zote hizo? Usingizi unakwenda kwa mizunguko. Mzunguko wa mtu mzima ni kama dakika 90, wa mtoto wa umri huo ni kama saa moja au chini yake kidogo. Kila mzunguko ukiisha tunaamka kidogo sisi sote, tunageuka, tunavuta shuka, tunaendelea, na asubuhi hatukumbuki. Sasa fikiria umepanda basi la alfajiri kutoka Mbeya, umesinzia umeegemea bega la mumeo. Unashtuka mnaingia Makambako, bega halipo, kiti cha pembeni kitupu. Utavuta kanga uendelee kulala? Utasimama umtafute. Mwanao alisinzia chuchu ikiwa mdomoni. Mzunguko unaisha, anapapasa, chuchu haipo, anapiga kelele. Akiipata, dakika mbili zinamtosha. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa dakika mbili, na ukimsikiliza utasikia anameza, gulp, gulp. Huyu wako nadhani hamezi, anatikisa kidevu tu.

Halafu umri wenyewe. Kwenye miezi minane mtoto amegundua jambo jipya: ukitoka machoni pake, bado upo mahali fulani, bila yeye. Mwezi wa nne ulikuwa ukitoka umetoka, basi. Sasa anajua, na ndiyo maana akina mama wengi wanakuja kliniki wakisema "alikuwa analala vizuri, ameharibika ghafla." Hajaharibika, akili imekua. Mchana cheza naye kujificha nyuma ya kanga, "mama yuko wapi? huyu hapa!", mara nyingi kwa siku. Unaonekana mchezo wa kitoto, lakini anachojifunza ni kwamba mtu akipotea anarudi, na hilo ndilo utakalolihitaji usiku.

Kabla hujabadilisha kitu, chukua kadi ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Nalisisitiza hili kwa sababu uko Iringa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 mkoani kwenu wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni kama 30 katika kila 100. Mkoa wa mahindi, viazi na maharage! Sababu ni nyingi na sitaziingia leo, ila ujue kwamba mtu wa mbali anaposema "miezi sita imepita, usiku hahitaji chakula" hajui kadi ya mtoto wako inasemaje. Mstari ukiwa umelala au unashuka, nyonyo ya usiku haiguswi. Nenda kwa muuguzi mzungumze kwanza chakula. Mstari ukipanda vizuri, bado kunyonya mara moja au mbili usiku kwa mtoto wa miezi minane ni kawaida kabisa. Tunataka kupunguza zile tano au sita, hatutaki kufika sifuri.

Kuna jambo jingine linalomwamsha ambalo mama anayefanya kazi halioni kirahisi. Unatoka asubuhi, unarudi saa tisa au saa kumi. Saa zote hizo hakukuona, basi anafidia usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Akina mama wengi hawajui, na wanaojua wanaona aibu kudai. Kama nyumbani si mbali na shule, zungumza na mwalimu mkuu, hata ukipata mapumziko ya saa nne asubuhi ya kukimbia nyumbani au dada akuletee mtoto. Ukishindwa, kamua asubuhi dada amnyweshe kwa kikombe. Na ukifika nyumbani, kabla ya kufua na kabla ya kusahihisha madaftari, kaa umnyonyeshe titi zote mbili mpaka aachie mwenyewe. Maziwa aliyoyapata saa kumi jioni hatayadai saa nane usiku.

Angalia pia kama anaumwa. Pua iliyoziba kwa baridi la huko, sikio (anavuta sikio, analia zaidi ukimlaza chali), homa, kuharisha. Mtoto anayekoroma kila usiku bila kuwa na mafua naye aonekane na daktari. Akiwa na kikohozi, mhesabie pumzi dakika moja nzima akiwa ametulia: kuanzia 50 kwenda juu kwa umri wake ni kupumua haraka. Hapo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo, habari za kufundisha usingizi zisubiri.

Sasa saa ya kulala. Nyumba zetu nyingi mtoto analala watu wazima wanapolala. Taarifa ya habari inawaka, baba anategemewa, majirani wanapita, mtoto anarushwa rushwa mpaka saa nne. Kufikia hapo amechoka kupita kiasi, na mtoto aliyechoka hivyo hasinzii kwa urahisi kama watu wanavyofikiri, anakuwa na kichaa kidogo, anacheka, anang'ata, anajitupa. Mtoto wa umri huo anahitaji saa 12 hadi 16 za usingizi kwa siku nzima, ukijumlisha na za mchana, na akikaa macho kama saa tatu usingizi unamjia wenyewe. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma: ukitaka alale saa mbili kasorobo, dada asimlaze tena mchana baada ya saa kumi na nusu. Huku kwetu Mungu ametusaidia, jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima, saa moja na kidogo giza limeshaingia. Tumia giza hilo. Punguza taa, zima televisheni, au basi punguza sauti.

Kitanda nacho nikiseme, maana huwa nakwenda haraka kwenye mbinu nasahau usalama. Atalazwa chali, kwenye godoro lililokaza, bila mto, bila mablanketi mazito. Akijigeuza mwenyewe usiku, mwache. Kwa kuwa sasa anatambaa na atakuwa anaachwa macho, mimi ningeshusha godoro sakafuni juu ya mkeka kwa wiki hizi. Kulala naye kitanda kimoja sikukatazi, wengi wetu ndivyo tulivyolea, lakini kuna usiku ambao haifai kabisa: baba akiwa amekunywa, hata kama ni ulanzi "kidogo tu", au wewe ukiwa umekunywa dawa ya kukulaza, au kama kuna mvuta sigara kitandani. Usiku huo mtoto na godoro lake. Na kwenye kochi usimnyonyeshe ukiwa na usingizi, ni bora kitandani. Chandarua kichomekwe, baridi la Mafinga lisikudanganye.

Kuhusu baridi lenyewe: mvike nguo mbili tatu zinazomkaa mwilini badala ya kumrundikia blanketi, kisha mguse shingo au kifua. Kukiwa na joto la kawaida, inatosha. Viganja vya mtoto huwa baridi na havina maana. Kofia mvue anapolala. Na jiko la mkaa, tafadhali, lisiingie chumbani hata likiwa "limebaki makaa tu". Kila Juni na Julai nyanda hizi zinafukia watu waliofunga mlango na dirisha wakaota moto. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtoto inamzidi haraka kuliko mtu mzima.

Haya, usiku wa kwanza. Anza Ijumaa, ikiwezekana mwanzoni mwa likizo ya Juni, usianze wiki ya mitihani.

Saa moja na robo mwogeshe au mpanguse kwa maji ya uvuguvugu, mpake mafuta, mvike nguo za kulalia. Kila siku kwa mpangilio uleule. Kisha mnyonyeshe, na hapa ndipo kuna badiliko kubwa: mnyonyeshe taa ikiwa inawaka, tena ikiwezekana sebuleni, mapema kabla usingizi haujamkolea. Nyonyo inahama kutoka mwisho wa safari kwenda mwanzo. Baada ya hapo mnaingia chumbani, unamwimbia wimbo mmoja (mmoja, uleule, uwe mfupi maana utauimba miezi), unamlaza akiwa macho. Macho mazito, lakini macho.

Atalia. Nakuambia mapema. Weka kiganja chako chote kifuani pake, kizito kidogo, kama unavyotuliza unga kwenye kinu usiruke. Mpigepige taratibu, sema neno moja tu, "lala mama yupo", kwa sauti ya chini, rudia. Usianze mazungumzo, usimtazame sana machoni. Sikiliza kilio. Kuna kilio cha kunung'unika, kinapanda kinashuka, kinakaa kimya sekunde kadhaa kama anasikiliza kama upo, kinaanza tena. Huyo anafanya kazi, mwache aifanye, mkono wako upo. Kuna kilio kinachopanda tu, hakivuti pumzi, uso umekuwa mwekundu na mgongo amejikunja. Huyo mbebe. Mtulize begani mpaka apumue vizuri, lakini asisinzie begani. Mrudishe chini. Unaweza kurudia hivyo mara nane usiku wa kwanza, na saa nzima ikapita. Ni kawaida.

Kama usiku wa kwanza unakuogopesha, anza na hatua ndogo kwa siku tatu nne. Mnyonyeshe kama ulivyozoea, ukiona amepunguza kumeza na kidevu kinatikisika tu, ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo, mvuto uachie, chomoa chuchu, kisha bana kidevu chake kwa chini kwa upole sana mdomo ufunge. Atatafuta. Mara nyingine ataipata, mpe, hesabu kumi, chomoa tena. Kufikia mara ya nne au ya tano anageuza kichwa analala mdomo mtupu. Hapo tayari amevuka kipande cha mwisho mwenyewe, kidogo tu, na kesho unachomoa mapema zaidi.

Baada ya siku nne tano mkono unapungua: unampigapiga akilia, akitulia unauacha umetulia. Wiki ya pili mkono unaondoka, umekaa kwenye kigoda pembeni ya godoro. Kila baada ya siku tatu kigoda kinasogea kuelekea mlangoni. Ukifika mlangoni unaanza kutoka: "nakwenda kufunika chakula, narudi", na urudi kweli, hata kama amenyamaza, mara mbili tatu za mwanzo. Asikukute umemtoroka. Wamama wengi wananyata wakishaona amefumba macho, mtoto akifumbua hakuna mtu, basi kesho yake hafumbi tena.

Yale maamko ya usiku yaache kwanza kama yalivyo. Usipigane vita mbili kwa wakati mmoja. Akiamka saa saba, mnyonyeshe. Mara nyingi mtoto akishajua kusinzia mwenyewe saa mbili usiku, maamko yanapungua yenyewe ndani ya wiki mbili hivi, bila wewe kufanya lolote. Yakibaki matatu, chagua mawili ya kunyonya, lile la kwanza kabla ya saa sita usiku utumie mkono badala ya nyonyo.

Na ujiandae kwa siku ya nne au ya tano. Anaweza kuwa amepata nafuu kisha akaharibu vibaya kuliko siku ya kwanza. Hapo wengi wanaacha. Anajaribu mara ya mwisho kama mbinu ya zamani bado inafanya kazi, endelea tu vilevile.

Sasa nikuambie kwa nini sikukubalii kumwacha alie mpaka achoke, maana nisije nikakuogopesha kwa uongo. Watafiti wa Australia waliwafuatilia watoto 326 ambao wazazi walilalamikia usingizi wao walipokuwa na miezi 7. Sehemu ya familia zilifundishwa njia mbili, kumrudia mtoto kwa vipindi vinavyorefuka, au kukaa naye na kusogea mbali taratibu kama nilivyokueleza hapa. Matokeo ya watoto hao wakiwa na miaka 6 yalitolewa 2012: hawakuonekana kuharibika tabia, hisia wala ukaribu wao na wazazi. Kwa hiyo kilio kidogo kitandani hakimharibu mtoto, mwenye kukuambia hivyo anakuongezea mzigo. Lakini kuna upande wa pili ambao watu hawausemi: kufikia umri huo, watoto ambao hawakufundishwa chochote nao walikuwa wakilala sawa na wenzao. Maana yake kazi hii unaifanya kwa ajili yako wewe, usisinzie tena mbele ya darasa, na ukiona haikufai unaruhusiwa kuiacha.

Sababu yangu ya kukukataza ni ya kinyumba zaidi. Una ukuta mmoja na majirani, una mama mkwe kwenye simu. Utamwacha alie, utavumilia dakika ishirini na tano, jirani atagonga, utamchukua umpe nyonyo. Mtoto amejifunza nini? Kwamba nyonyo inakuja dakika ya ishirini na tano. Kesho atalia mpaka hapo bila shaka yoyote.

Dada. Mwambie aendelee kumbeba mgongoni mchana, usimnyang'anye hilo. Mtoto ana akili ya kutofautisha mgongo wa dada mchana na godoro usiku, na kubebwa mgongoni ni chakula chake kingine. Ila usingizi mmoja kwa siku, ule wa asubuhi anapokuwa na hali nzuri, ajaribu kumlaza kitandani akiwa bado macho. Mimi mtoto wangu wa kwanza nilimbeba mgongoni kila usiku kule Uyole mpaka akawa na mwaka na nusu, nazunguka uani na kitenge, naimba, saa tano usiku. Analala fofofo. Naingia ndani, nainama juu ya kitanda, nafungua fundo, na ile hewa ya Uyole ikiingia tu kati ya mgongo wangu na tumbo lake, macho wazi. Natoka tena uani. Hakuna aliyenieleza kwamba tatizo halikuwa fundo.

Mama mkwe usishindane naye kwa maneno ya mtandaoni. Hajakosea, kwa yeye mtoto anayelia usiku bila mtu ni mtoto aliyetupwa, na katika hilo mimi nipo upande wake. Mpigie umwambie, "Mama, simwachi alie, nakaa naye. Naomba unifundishe ule wimbo uliomlazia baba yake." Akija kukutembelea, yeye ndiye aimbe, ila mwombe amlaze kabla hajasinzia. Huenda akasahau. Ukimkuta amemlaza mapajani, sema asante, kesho utaendelea.

Baba naye ana nafasi ambayo wewe huna: hanuki maziwa. Usiku anaokuwepo, yeye ndiye amtulize kwa mkono, wewe kaa chumba kingine. Akina baba wengi wanashangaa mtoto anatulia haraka kwao. Lakini akirudi na lori saa tano usiku amemkumbuka mwanawe, asimwamshe kucheza naye. Amkute asubuhi.

Dawa ya mafua, ya kikohozi au ya mzio usimpe ili alale, hata kama muuza duka anasema watoto wa watu wote wanapewa. Zinaweza kumpunguzia pumzi mtoto mdogo. Uji mzito wa saa mbili usiku nao si dawa ya usingizi. Mpe chakula chake cha jioni saa kumi na mbili, viazi vilivyopondwa na maharage, parachichi, dagaa za kusaga, kijiko cha mafuta, halafu nyonyo ifuate baadaye.

Wewe mwenyewe, je? Uchovu nimekusikia. Lakini kama mtoto amelala na wewe usingizi haukuji, kama unalia bila sababu, kama hujisikii kitu kwa mtoto, na hali hiyo imepita wiki mbili, usisubiri mtoto ajifunze kulala. Mwambie muuguzi siku ya kliniki, kwa maneno hayohayo. Tunasikia mara nyingi kuliko unavyodhani, na kuna msaada.

Mwisho, kitu kitakachokukuta bila shaka: msiba au harusi kijijini. Mtalala watu sita chumba kimoja, atanyonya usiku kucha ili asiamshe watu, na utarudi Mafinga unaona kila kitu kimebomoka. Siku ya kurudi mwache alale atakavyo, amechoka na safari. Usiku wa pili rudisha kigoda karibu na godoro, pale ulipoanzia wiki ya pili.